Banda la Gemu la Mwanga, Kigoma: Thamani Iko Kwenye Runinga Isiyo na Foleni

Banda ninalolizungumzia halina jina ubaoni. Liko Mwanga, mjini Kigoma, katika uchochoro ulio nyuma ya soko, kati ya kinyozi na mama anayeuza mawese kwa chupa, na wateja wake hulitaja kwa cheo cha mwenyewe tu: kwa Fundi. Nililitembelea kwa siku 15 mfululizo nilipokuwa likizo nyumbani, saa mbili au tatu kila siku, na muda wote huo nililipa kama mteja mwingine yeyote, bila kumwambia mwenyewe kwamba nitaandika. Tathmini nyingi za mabanda ya gemu huishia kwenye idadi ya runinga na bei ya saa, ilhali mimi nilikwenda kutafuta jambo jingine. Nilitaka kuona kama banda la aina hii bado linaweza kumlea mchezaji mwenye ujuzi mpana, yule ambaye ukimpa gemu asiyopata kuiona atakuwa ameshaielewa kabla hajamaliza soda yake, kama mabanda ya zamani yalivyowalea wengi wa rika langu.

Vifaa vyenyewe havihitaji maneno mengi. Chumba cha mbele kina runinga bapa mbili zenye PlayStation 4, na zote mbili hufanya kazi moja tangu saa nne asubuhi hadi usiku, nayo ni mpira. Pembeni kuna runinga ya tatu yenye PlayStation 3, na chini ya dirisha, juu ya kreti la soda, imekaa runinga ya chogo iliyounganishwa na PlayStation 2 ambayo rangi yake nyeusi imekwishachujuka kwa kushikwa. Chumba cha nyuma kina kompyuta mbili. Mechi moja ya mpira ni shilingi 500, saa moja ya PlayStation 3 au ya kompyuta ni shilingi 1,000, na runinga ya chogo ni shilingi 200 kwa nusu saa. Lakini ipo kanuni moja ambayo sijaikuta kwingine: aliyekwisha kulipia mechi ya mpira na anasubiri zamu yake anaruhusiwa kukaa kwenye runinga ya chogo bure mpaka jina lake liitwe.

Kanuni hiyo ndiyo huduma hasa inayouzwa hapa, ingawa sidhani kama Fundi mwenyewe angeieleza hivyo. Jumamosi jioni nilihesabu watu tisa kwenye foleni ya mpira, na kwa kuwa mechi moja pamoja na mabishano ya kuchagua timu huchukua karibu robo saa, wa tisa alikuwa na muda mrefu wa kuua. Anayesubiri ama atakaa kwenye benchi awatazame wengine, ama atacheza kilichopo, na kilichopo hakichagui yeye. Kila asubuhi Fundi hubadilisha diski ya PlayStation 2 kwa mpangilio anaoujua mwenyewe, na katika siku zangu 15 nilishuhudia diski 11 tofauti: mbio za magari, ngumi, upelelezi, vita, na siku moja gemu ya kulima shamba ambayo vijana waliicheka asubuhi na kugombea padi yake jioni. Kijana anayekuja kwa ajili ya mpira peke yake hujikuta, baada ya mwezi mmoja, amegusa gemu 20 ambazo asingezilipia hata senti.

Ninaamini kwamba hivyo ndivyo ujuzi mpana wa gemu ulivyopatikana siku zote, na ninashangaa kwamba tunaojiita wakongwe hatupendi kukiri. Tunasimulia kana kwamba tulikuwa watafiti tulioongozwa na udadisi, wakati ukweli ni kwamba tulikuwa watoto wenye shilingi 100 mfukoni na foleni ndefu mbele yetu. Mwaka 2004, nilipokuwa kidato cha pili, banda nililolizoea lilikuwa jirani na stesheni ya reli, na gemu iliyotakiwa na kila mtu ilikuwa Winning Eleven, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, katika diski za Kijapani. Kila neno kwenye skrini lilikuwa kwa herufi ambazo hakuna aliyezisoma, kwa hiyo tulikariri mahali: mstari wa tatu kutoka juu ni kubadilisha mchezaji, wa mwisho ni kutoka. Juu ya hayo, kwenye baadhi ya runinga picha ilitoka bila rangi, kwa sababu diski ya Japani ilitoa mawimbi ya mfumo wa picha uitwao NTSC na runinga za huku zilitengenezwa kwa ajili ya mfumo mwingine, PAL. Tulicheza mpira wa kijivu kwa miezi, tukiijua timu kwa namna mabeki wake wanavyokimbia, na yule asiyeweza kusubiri zamu alihamia kwenye Tekken 3, gemu ya ngumi iliyokuwa pembeni, ambako hakuna aliyemfukuza.

Kutoka hapo tulijifunza jambo ambalo halifundishwi na mwongozo wowote, kwamba mazoea ya vidole ni kitu kimoja na ujuzi wa gemu ni kitu kingine. Katika Winning Eleven na mdogo wake Pro Evolution Soccer, kupiga shuti ni kitufe cha mraba, na duara hupiga mpira mrefu. Katika gemu ya mpira ya kampuni ya EA, iliyoitwa FIFA tangu mwaka 1993 hadi FIFA 23 na sasa ni EA Sports FC ingawa hakuna mteja wa Mwanga anayeiita hivyo, duara ndilo shuti. Ndiyo maana gemu hiyo ya EA ina mpangilio mbadala wa vitufe unaowarudishia wahamiaji mraba wao. Kwa Fundi ugomvi huu bado unaishi. Nilimwona mtu mzima wa umri wangu akiomba mpangilio ubadilishwe, na kijana aliyekuwa akicheza naye akidai kwamba huo ni udanganyifu, mpaka Fundi alipokuja, akabadilisha, na kusema kwa upole, “Mdogo wangu, muache kaka yako, huo mraba ameanza nao kabla wewe hujazaliwa.”

Fundi ni mtu wa miaka arobaini na kitu aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio, na hapo ndipo jina lilipotoka. Ujuzi wake ni sehemu ya bidhaa, hivyo ninastahili kuueleza. Hazungumzii gemu kwa kusema ni nzuri au mbaya, huzungumzia koo. Kwake kila gemu ina wazazi, ina mashangazi, na mara nyingine ina mtoto wa nje ambaye amekuja kuwa tajiri kuliko waliozaliwa ndani ya nyumba. Siku ya tatu mwanafunzi mmoja aliyekuwa akicheza Counter-Strike, gemu ya kupiga risasi, kwenye kompyuta ya nyuma alilalamika kwamba Half-Life, iliyokuwa kwenye kompyuta ya pili, ni ya kizamani na haina maana. Fundi alivuta kiti.

“Unamtukana mama mzazi,” alimwambia. “Hiyo unayoipenda ilitoka tumboni mwa hiyo unayoidharau.”

Maelezo yaliyofuata yalichukua karibu dakika 20 na yalikuwa sahihi kwa kila ninachokijua. Half-Life ya kampuni ya Valve ilitoka mwaka 1998, na injini yake, yaani programu ya msingi inayoiendesha, ilijengwa kutokana na injini ya Quake ya mwaka 1996, kazi ya id Software, watu wale wale walioitoa Doom mwaka 1993. Kampuni hizo ziliwaachia wachezaji mlango wazi wa kurekebisha gemu zao, na kwa mlango huo Minh Le na Jess Cliffe, ambao hawakuwa waajiriwa wa Valve, walitengeneza Counter-Strike mwaka 1999 kama marekebisho tu ya Half-Life, kabla Valve haijainunua na kuitoa rasmi mwaka 2000. Fundi aliongeza kwamba hata herufi W, A, S na D za kumsogeza mhusika, ambazo vidole vya kijana yule vilikuwa vimezilalia hazikuanza kuwa kanuni ya wote mpaka zilipopata umaarufu kupitia Dennis Fong, mchezaji wa Quake aliyejulikana kama Thresh, ambaye mwaka 1997 alishinda shindano na kukabidhiwa gari la Ferrari lililokuwa mali ya John Carmack wa id Software. Habari ya Ferrari ndiyo iliyomgusa mwanafunzi. Alihamia kwenye Half-Life kwa nusu saa iliyobaki, na kesho yake alirudi kuiendeleza.

Nilitaka kumpima Fundi mwenyewe. Siku ya sita nilikuja na flashi yenye gemu ndogo ya kuruka na kuchunguza mapango, iliyotengenezwa na watu wachache, ambayo nilikuwa na hakika hajaiona, nikamwomba aijaribu nikiwa pembeni. Hakuuliza vitufe. Mhusika alipotokea kwenye skrini, wakati mshale ulimwonyesha kwenda kulia, Fundi alimpeleka kushoto. Alikuta ukuta, akaupiga mara mbili, akaruka mbele yake, kisha ndipo akarudi kulia. Nilimuuliza kwa nini, akajibu kwamba ni heshima tu ya kumsalimia mtengenezaji: “Wengine huacha kitu kwa ajili ya anayegeuka.”

Jibu hilo lina historia ndefu kuliko linavyosikika. Katika Super Mario Bros. ya Nintendo, mwaka 1985, skrini ilisogea kulia tu na haikumruhusu mchezaji kurudi alikotoka, na kwa hiyo kizazi kizima kilijifunza kwamba mbele ni kulia. Mwaka mmoja baadaye Nintendo hiyo hiyo ilitoa Metroid, na humo aliyeanza kwa kukimbilia kulia alikwama baada ya muda mfupi, kwa maana kifaa cha kumwezesha kupita katika njia nyembamba kilikuwa kimewekwa kushoto, hatua chache kutoka mahali alipoanzia. Mchezaji aliyecheza moja tu kati ya hizo mbili anajua kanuni. Aliyecheza zote mbili anajua kwamba kanuni ni mazungumzo, kwamba mtengenezaji wa pili alikuwa akimjibu wa kwanza, na tangu siku hiyo haingii kwenye gemu yoyote bila kujiuliza mtengenezaji huyu anamjibu nani.

Katika dakika kumi zilizofuata Fundi alifanya mambo mengine ambayo mtu asiyezoea angeyaona kama bahati. Alikuta chumba kikubwa chenye risasi na dawa nyingi zilizotandazwa bila ulinzi, akasimama na kusema, “Hapa kuna harusi,” akimaanisha kwamba adui mkubwa yuko nyuma ya mlango, na kweli alikuwapo. Alipigwa mara moja kwa makusudi ili aone anapoteza uhai kiasi gani. Aliona sehemu ya adui inayong'aa na akaielekea bila kujaribu nyingine. Lakini alikosea pia, na ninalitaja hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nimwamini: palikuwa na fumbo la kupanga ngoma kwa mlio wake, naye alihangaika nalo zaidi ya robo saa, kwa kuwa gemu za muziki hazijawahi kufika kwenye rafu yake. Upana wa ujuzi wake una umbo la rafu hiyo, na ninadhani ndivyo ilivyo kwa kila mmoja wetu.

Rafu yenyewe inastahili aya yake. Kigoma ni mji wa mwisho wa reli na wa mwanzo wa ziwa, na diski za Fundi zimefika kwa njia zote mbili. Zile za Dar es Salaam zina menyu za Kiingereza. Zile zilizovuka Ziwa Tanganyika na wafanyabiashara kutoka Uvira na Bujumbura huwa na menyu za Kifaransa, na wateja wake huzitumia kwa ile mbinu yetu ya kukariri mistari. PlayStation 2 yake imewekewa chipu ya kuiwezesha kusoma diski za nakala na za nchi nyingine, na kwa kuwa mashine hiyo husoma pia diski za PlayStation ya kwanza, nyaya zile zile zinakupa gemu za tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi mwishoni mwa utengenezaji wake. Si ajabu kwamba mashine iliyouzwa zaidi ya milioni 150 duniani ndiyo iliyobaki kuwa maktaba ya uchochoroni. Sitajifanya sijui kwamba nyingi ya diski hizi ni nakala ambazo watengenezaji wake hawakupata kitu kutokana nazo. Kwa gemu zinazouzwa hadi leo ninaliona hilo kuwa kosa, na nilimwambia Fundi hivyo. Kwa zile ambazo hazipatikani tena dukani popote, ninaishiwa na hoja.

Kompyuta ya pili ya chumba cha nyuma ina programu inayoiga mashine za zamani, na hapo ndipo niliposhuhudia somo bora kuliko yote. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akicheza Space Invaders, gemu ya Kijapani ya mwaka 1978, akashangaa kwamba kadiri alivyowaua maadui ndivyo waliobaki walivyozidi kukimbia, akasema mtengenezaji alikuwa na akili sana. Fundi alimweleza kwamba haikuanza kama akili bali kama udhaifu wa mashine: prosesa ya wakati ule ililemewa na kuwachora wote, na kila mmoja alipoondoka ilipata nafuu na kuwasogeza haraka waliobaki, mpaka Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, alipoona kwamba inapendeza na kuiacha. Kisha alimtolea Silent Hill ya mwaka 1999 na kumwonyesha ukungu unaotisha uliofunika mji, ambao kazi yake nyingine ilikuwa kuficha kwamba PlayStation ya kwanza haikuweza kuchora nyumba za mbali. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni kitu gani katika gemu za leo kinaficha udhaifu wa mashine za leo. Fundi alimwambia ahesabu ni mara ngapi mhusika hulazimika kujipenyeza polepole kwenye ufa wa mwamba, na afikirie mashine inafanya nini wakati huo. Swali kama hilo haliwezi kuulizwa na mtu aliyecheza gemu za mwaka mmoja tu.

Nilifurahi kuona pia kwamba banda halimfanyi mteja ajione mgeni katika historia hii. Kwenye kompyuta ile ya pili kuna Civilization IV ya mwaka 2005, gemu ya kujenga himaya, ambayo ukifika kwenye menyu yake husalimiwa na kwaya inayoimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Wimbo huo, Baba Yetu, ulitungwa na Christopher Tin, na mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Mara ya kwanza Fundi alipoongeza sauti nikiwapo, mama wa mawese alisimama mlangoni na chupa mkononi akauliza ni kwaya ya kanisa gani. Upande wa pili wa sarafu hiyo uko kwenye PlayStation 3: Resident Evil 5 ya Capcom, ya mwaka 2009, imewekwa katika mji wa kubuni wa Kiafrika uitwao Kijuju, maadui wake huitwa Majini, na hukukimbilia na shoka wakipiga kelele kwa Kiswahili. Vijana hucheka sana kila wanapoelewa wanachoambiwa na mtu anayetaka kuwakata kichwa. Mimi sikucheka sana, maana kati ya gemu mbili ambazo lugha yangu inasikika waziwazi, katika moja tunasali na katika nyingine tunapigwa risasi, lakini ninashukuru kwamba zote mbili ziko banda moja na mtu anaweza kuzilinganisha kwa shilingi 2,000.

Sasa kasoro, nazo si chache. Chumba cha nyuma hakina dirisha linalofunguka, na kuanzia saa saba mchana joto lake ni la tanuri, kiasi kwamba kompyuta moja huzimika yenyewe. Padi ya pili ya runinga ya kushoto ina kijiti kinachojisogeza. Kipa wako hutoka golini bila kutumwa, na wenyeji wanaolijua hilo humkabidhi mgeni padi hiyo kwa tabasamu. Nilitendewa hivyo siku ya kwanza. Hakuna mtu anayelinda kumbukumbu za gemu: memori kadi ya PlayStation 2 ni ya megabaiti 8 tu, wateja wote huitumia kwa pamoja, na siku ya tisa nilikuta saa zangu nne za Resident Evil 4 zimefutwa na mtu aliyehitaji nafasi ya kuhifadhi gari lake. Fundi alinipa pole na mechi moja ya bure, lakini suluhisho la kweli ni kununua kadi ya pili, na hajainunua. Kelele za mpira hufunika sauti ya gemu nyingine zote. Aidha, katika siku 15 sikumwona msichana hata mmoja akikaa kwenye kiti. Wawili walisimama mlangoni, wakatazama, wakaondoka, na hakuna aliyewakaribisha, nami nikiwa miongoni mwa wasiowakaribisha. Kwa upande mwingine, mwenye sare za shule haruhusiwi kuingia kabla ya saa tisa na nusu alasiri, na kanuni hiyo niliona ikitekelezwa bila kubembelezana.

Upungufu mwingine ni wa aina tofauti, kwani hauko kwenye banda bali kwenye hoja yangu. Wateja wengi wa Fundi wana simu, na kwenye simu hizo wana gemu moja tu ambayo wameicheza kwa mamia ya saa, ama Free Fire au PUBG Mobile za kupiga risasi, ama eFootball ya mpira, ambayo Konami huitoa bure tangu mwaka 2021 badala ya Pro Evolution Soccer. Nilikuja nikiwa na mawazo ya kikongwe kwamba hao hawajui gemu. Kijana mmoja wa miaka 17 hivi alinifunga 5–0, kisha akanieleza kwa utulivu kwa nini: beki wangu wa kulia alikuwa akipanda kila nilipopoteza mpira, naye alikuwa ameliona hilo katika dakika ya 10 na kusubiri. Nimecheza gemu za mpira kwa zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kulifikiria hilo. Kina cha namna hiyo ni ujuzi halali, na wapo wenzangu waliocheza tangu Winning Eleven bila kugusa kitu kingine, ambao hawana kina cha kijana huyu wala upana wa Fundi.

Hata hivyo, kijana huyo huyo ndiye aliyenithibitishia kazi ya runinga ya chogo. Siku ambayo Resident Evil 4 ilikuwamo, alikaa akisubiri zamu yake na kulalamika kwamba gemu imeharibika, maana mhusika hawezi kutembea huku analenga. Alikufa mara sita. Mara ya saba aliacha kukimbia, akasimama, akampiga adui wa mbele mguuni ili aanguke na kuwazuia walio nyuma yake, na jina lake lilipoitwa kwa ajili ya mpira alimwambia aliyemfuata kwenye foleni atangulie. Gemu hiyo ya mwaka 2005 ndiyo iliyoifanya kamera ya begani, inayotazama kutoka nyuma ya bega la mhusika, kuwa desturi katika gemu nyingi za kupiga risasi zilizofuata, kwa hiyo gemu za risasi za kwenye simu, kama Free Fire na PUBG Mobile, zina deni kwake. Alilipokea somo hilo bila mtu yeyote kumweleza, kwa sababu tu kiti kilikuwa wazi na hakikuwa na gharama.

Kwa atakayekwenda, ushauri wangu ni afike siku za kazi kati ya saa nne na saa sita, kabla ya joto na kabla ya wanafunzi, abebe memori kadi yake mwenyewe, aikatae padi ya pili ya runinga ya kushoto, na amwombe Fundi diski za rafu ya chini, ambazo hazionyeshwi kwa mtu asiyeuliza. Anayetaka mpira tu atapata mabanda yenye feni na runinga kubwa zaidi bila kutoka Mwanga, na sina sababu ya kumzuia.

Kwa siku zote 15 nililipa shilingi 21,500, na daftari la Fundi bado linaonyesha kwamba ninadaiwa 500. Deni hilo ni la mechi ya mwisho dhidi ya yule kijana, ambayo umeme ulikatika dakika ya 70 nikiwa nimefungwa 3–0, na kanuni ya banda inasema mechi iliyovuka mapumziko huhesabiwa kuwa imechezwa. Mimi ninashikilia kwamba haikwisha.